Siku Gaudensia Alipotuvusha Kwenda Kisiwani

Walimu wenzangu, na ninyi akina mama wa jumuiya mnaonisimamisha kila nikitoka kanisani: safari hii nimeshaisimulia mara nyingi, na kila mara ama kengele inalia, ama mvua ya manyunyu inatutawanya, kabla sijafika kwenye upepo. Sasa naiandika yote. Isomeni mkiwa mmekaa.

Habari za fomu na ruhusa naziruka. Yatosha mjue kwamba ile hoteli ya kifahari ya kisiwani huwapa wafanyakazi wake siku moja kwa mwaka ya kuleta ndugu zao: wafike asubuhi, wale, waogelee, warudi jioni kama wageni wengine. Binti yangu mkubwa, Gaudensia, yuko huko mwaka wa pili. Aliandikisha watu wanne: mimi, mume wangu Longinus, mama mkwe wangu Bibi Kolumba, na kitindamimba wetu Imelda mwenye miaka minane.

Kuna mambo mawili ambayo wengine hamyajui. La kwanza, Longinus na Gaudensia walikuwa hawaongei tangu binti alipoacha chuo cha uuguzi katikati. Hawakugombana. Baba alinyamaza tu, na wanaume wa kwetu wakinyamaza, wananyamaza kama jiwe la kusagia. Akitaka habari zake ananiuliza mimi: "Mtu wako anaendeleaje?" Namwambia mzima. Anaitikia "haya," anaondoka.

La pili lilikuwa langu. Longinus aliamini mwanawe anatandika vitanda. Mimi nilijua tangu Pasaka kwamba anaendesha boti. "Mama, usimwambie," Gaudensia aliniomba kwenye simu. "Nitamwambia mwenyewe akishakula akashiba." Mpango ulikuwa tuvushwe na nahodha mwingine, mzee mmoja wa Liuli, na yeye atungoje kule mchangani. Nikakubali. Miezi mitatu nililala na siri hiyo kama mtu aliyelalia kokoto.

Kutoka Mbinga mjini

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwenye Noah ya Salumu, jirani yetu mwenye duka la vitambaa. Ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya Mbinga mwezi huo: kioo cha gari kilifutwa mara tatu kabla ya kufika mwisho wa mji.

Longinus alikuwa amevaa koti la harusi yetu na tai. Nilimwambia tunakwenda ufukweni. Akanijibu kwamba kwa watu unakwenda umevaa. Isitoshe hakutaka kwenda kabisa. Vibarua walikuwa shambani siku hiyo, na kahawa nyekundu iliyochumwa lazima ipite kwenye mashine ya kumenyea jioni ileile, la sivyo inaanza kuchacha. Mashine ile hamwamini nayo mtu yeyote, hata mdogo wake. Alikuja kwa sababu mama yake alimwita kwao Mkumbi, akamweka kwenye kigoda, akamwambia: "Mimi nakwenda kumwona mjukuu wangu. Wewe utanibeba mkoba." Mtu wa miaka hamsini na nne akasema ndiyo, mama.

Na mkoba haukuwa mkoba. Ulikuwa debe la maharage mapya na kikapu cha viazi vitamu vilivyochemshwa usiku. Salumu aliuliza kwa adabu zake za pwani, "Bibi yangu, kule si kuna chakula?"

"Kipo," alijibu Bibi. "Lakini wewe ulishakwenda kwa watu mikono mitupu?"

Salumu akapanga debe chini ya miguu yangu. Nilisafiri magoti yakiwa kidevuni.

Kwenye kona, na kioo cha bibi harusi

Barabara ya kushuka ziwani siku hizi ni lami, na Salumu aliahidi saa moja na nusu. Boti ya kwanza ilikuwa saa mbili. Tulikuwa na muda wa kutosha hata wa kusali rozari, na tuliisali, Salumu akizima redio yake kwa heshima.

Kwenye kona moja kali tukakuta lori la saruji limelala kwa ubavu, limeziba barabara kama mlango. Dereva wake alikuwa mzima, amekaa juu ya jiwe, anapiga simu ambazo hazipokelewi. Nyuma yetu magari yakaanza kujipanga. Kulia mlima, kushoto mashamba ya ngoro, yale mashimo yetu yaliyopangwa mteremko mzima, na mahindi makavu yamesimama kwenye kingo zake. Hakuna pa kupita hata mbuzi.

Mbele yetu kulikuwa na pikapu iliyobeba kabati la kujipambia, lenye kioo kikubwa, likipelekwa kwa bibi harusi huko Nangombo. Mwenye mzigo, mama mmoja mnene mcheshi, alipoona tumekwama akafunua blanketi kwenye kioo. Ndani ya dakika kumi kulikuwa na foleni. Wanawake walichana nywele. Kondakta mmoja alinyoa ndevu zake zote kwa wembe na maji ya chupa. Longinus alisogea polepole, akajifanya anatazama gurudumu, kisha akairekebisha tai yake.

"Umependeza, baba," mama wa kioo alimwambia. "Unakwenda kuposa?"

"Nakwenda kumwona mwanangu," alisema Longinus. Nilisikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akisema "mwanangu" badala ya "mtu wako."

Bibi Kolumba alitembeza viazi. Alianza na dereva wa lori, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na huzuni, akaendelea mpaka mwisho wa foleni ya magari. Imelda alibeba chumvi. Saa tatu likaja trekta, wanaume wakafunga kamba, Longinus akavua koti akasukuma pamoja nao, na lori likasogezwa kiasi cha magari madogo kupita. Kikapu cha viazi kilirudi kikiwa robo.

Tulipopinda kona ya mwisho ziwa likaonekana lote chini, la bluu nzito, na milima ya Malawi ng'ambo. Bibi alilitazama kwa muda.

"Mbona limetulia hivyo?" aliuliza. "Nyie si mlisema lina mawimbi?"

"Kwa mbali halionyeshi, Bibi," Salumu alisema.

Mbamba Bay, na boti ya pili

Tulifika saa nne. Boti ya kwanza ilikuwa imeondoka zamani. Mlinzi wa hoteli pale ufukweni alituambia tusiwe na wasiwasi, boti ya pili inakuja saa tano. Nikamuuliza nani anaiendesha. "Kapteni," alisema, kama vile kuna mmoja tu duniani.

Nikajua ni yeye. Nilimwandikia Gaudensia ujumbe: "Baba yuko hapa, usije wewe." Simu ikazungusha kile kiduara chake, ikazungusha, ikakata tamaa.

Basi tukakaa kwa mama mmoja anayekaanga mbasa kwenye karai chini ya turubai. Sitawadanganya: kile kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote vya siku hiyo, pamoja na vile vya hotelini. Samaki wa moto, chumvi, pilipili mbichi, ugali wa muhogo. Bibi, ambaye maisha yake yote amekula usipa, dagaa wakavu wa ziwani, kutoka sokoni, alimgeuza mbasa wake huku na huku akitafuta mahali alipokauka. Alipokosa akamla mpaka macho. Mimi sikuweza kumaliza wangu. Nilikuwa natazama maji.

Boti ilitokea ikiwa nukta nyeupe, ikakua, ikapunguza mwendo mbali na watoto waliokuwa wanaogelea, ikazunguka jiwe, ikaja kugusa gati kwa ulaini kama mtu anayeweka yai mezani. Longinus alikuwa amesimama anafuta mikono.

"Huyo nahodha anaijua kazi yake," alisema.

Nahodha akaruka na kamba mkononi, akafunga, akavua kofia.

"Baba! Ni Gaude!" Imelda alipiga kelele akikimbia.

Gaudensia alimkumbatia mdogo wake, akapiga goti kwa bibi yake, akanisalimia mimi, kisha akasimama mbele ya baba yake. Jua lilikuwa limemchoma, na mabega yamekuwa mapana. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alitazama ndani ya boti. "Nahodha yuko wapi?"

"Ni mimi, baba. Nilitaka kukuambia vizuri, kule. Mwenzangu alivusha boti ya kwanza, na nyie mlichelewa."

Longinus akanigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Pasaka."

Aligeuka akapanda mchanga kuelekea gari la Salumu, koti begani. Gaudensia alibaki amesimama na kofia mikononi, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilitaka kumfuata mume wangu, nilitaka kumshika binti yangu, na sikufanya hata kimoja. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimeitunza siri hiyo nikidhani namlinda kila mmoja, na sasa wote wawili walikuwa peke yao.

Ndipo tukasikia sauti kutoka gatini. Bibi Kolumba, ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi, alikuwa ameshaingia botini. Sijui nani alimsaidia. Alikuwa amekaa katikati, debe la maharage mapajani.

"Longinus!" aliita. "Mimi nimeshakaa. Huyu mtoto ataondoka na mimi. Wewe ukitaka baki na gari."

Longinus alisimama. Akarudi taratibu. Gaudensia alimpa jaketi la kujiokolea, akamwonyesha kamba za kufunga. Yeye akalivaa juu ya koti, juu ya tai, akakaa nyuma kabisa, mikono miwili imekamata benchi.

Majini

Ilikuwa nusu saa. Imelda aliweka mkono kwenye maji mpaka Gaudensia akamkataza. Bibi aliuliza kina. Gaudensia akamwambia hapa hata miti mirefu ya msituni ingezama yote. Bibi akatafakari, akasema, "Basi hakuna haja ya kutazama chini," akatazama mbele mpaka mwisho.

Longinus alikuwa na rangi ya majivu. Kwao wana msemo kwamba maji hayana tawi la kushika, na niliona anautafuta mdomoni. Lakini nilimwona pia akimtazama mwanawe mgongoni: jinsi alivyosimama magoti yamelegea kidogo, mkono mmoja kwenye usukani, akikata kila wimbi kwa pembe ileile.

Kisiwani

Sasa mlichotaka hasa kujua. Ndiyo, ni pazuri. Nyumba za mawe zenye mapaa ya nyasi zimejificha katikati ya miamba, vitanda vina vyandarua vyeupe kama shela, na bwawa la kuogelea liko hatua ishirini kutoka ziwani. Longinus alilitazama bwawa, akalitazama ziwa, akaliacha swali lake bila kuliuliza.

Tulipofika gatini palikuwa na mchanga mweupe uliosawazishwa kwa reki, mistari yake imenyooka kama kitambaa cha kufuma. Bibi akagoma kushuka.

"Mtu amefagia hapa tangu asubuhi," alisema. "Nikanyage mimi?"

Meneja, kijana mpole wa kutoka Arusha, alimweleza kwamba umefagiwa ili yeye akanyage. Bibi akamwambia hiyo si sababu. Mwishowe alizunguka pembeni, juu ya mawe, sisi sote nyuma yake kwa mstari, na Wazungu wawili waliokuwa kwenye viti vya jua, wakidhani hiyo ndiyo njia rasmi, wakainuka baadaye wakapita mlemle.

Maharage tuliyakabidhi jikoni. Mpishi alivua kofia yake ndefu, akayapokea kwa mikono miwili, akayanusa. "Haya hayaendi kwa wageni," alisema. "Haya ni yetu." Bibi akaridhika kuliko siku zote za maisha yake.

Chakula kilikuwa meza ndefu ambayo unajipakulia. Hapo nilipata aibu yangu ndogo. Niliona bakuli la kitu cheupe laini, nikajua ni mtindi, nikajipakulia la kutosha, nikatia sukari. Ilikuwa sosi ya kitunguu saumu. Niliimaliza yote, kwa sababu yule mama wa Kizungu wa meza ya pili alikuwa ananitazama, na mwalimu hasemi amekosea mbele ya watu. Baadaye nilimwona naye ameweka sukari kwenye yake.

Lakini nawaambieni kilichompata Longinus. Alikaa pembeni na tai yake, hali, haongei. Kila mfanyakazi aliyepita alisimama. "Shikamoo mzee. Wewe ndiye baba yake Kapteni?" Anampa mkono. Mfua nguo, mtunza bustani, dada wa mapokezi, yule mzee wa Liuli aliyevusha boti ya kwanza. Huyu wa mwisho alikaa kabisa. "Nilimfundisha mimi," alisema. "Miezi sita alikuwa ananiosha boti tu na kuuliza maswali. Nilimwambia mwanamke haendeshi. Akaniuliza injini inajuaje. Nikampa usukani."

Longinus hakucheka, lakini hakuondoka.

Halafu mhudumu akaleta kahawa. "Hii ni ya kwetu Mbinga, mzee. Wageni wanaisifu sana."

Mnamjua Longinus. Miaka thelathini analima kahawa, na nyumbani kwetu tunakunywa chai ya tangawizi. Kahawa ni kitu cha kupima kwenye magunia, si cha kumiminwa. Alikishika kile kikombe kwa vidole viwili, akaonja, akakaa nayo mdomoni. Akaonja tena.

"Kumbe," alisema, "ndiyo maana wanaitaka."

Gaudensia alikuwa amesimama mbali kidogo na trei ya matunda, hajui kama asogee. Alisogea. Akaweka trei. Baba yake akasema, bila kumtazama, "Hii ilikaushwa vizuri." Yeye akasema, "Ndiyo, baba." Maneno yao kwa saa tatu yalikuwa hayo.

Mwera

Ilipofika saa nane mchana majani ya mitende ya pale hotelini yaligeuka yote upande mmoja. Wakazi wa ziwani wanauita mwera, upepo wa kusini wa miezi ya baridi. Ziwa lililokuwa bluu likawa kijivu, likaota meno meupe. Imelda alitolewa majini. Viti vya jua vilikunjwa.

Boti ya kurudi ilikuwa saa tisa. Tulikusanyika gatini: sisi, na bwana mmoja wa Dar es Salaam na mkewe, waliotaka kulala Songea ili wawahi ndege ya asubuhi. Gaudensia alikuwa amesimama mwisho wa gati, anatazama kusini. Alirudi.

"Hatuondoki sasa," alisema. "Tutangoja utulie."

Yule bwana alitabasamu kwanza. Akaeleza kuhusu ndege. Akaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi. Akasema boti ile ina injini mbili, na yeye si mtoto. Meneja aliitwa, akafika akiwa na simu mkononi, na nikaona anavyotaka kila mtu afurahi.

"Kapteni," alisema, "haiwezekani kabisa? Taratibu tu?"

"Haiwezekani, bosi."

"Mimi pia nina kahawa inayoningoja," alisema Longinus.

Sote tukageuka. Alikuwa amesimama na jaketi lake tayari limefungwa. "Saa hizi vibarua wameshamaliza. Nisipofika leo jioni itachacha. Kama boti ina nguvu, twende."

Gaudensia alimtazama baba yake. Niliogopa. Binti yangu huyu tangu utoto ni mtu wa kuinamisha macho mbele ya baba, na nilidhani ataiwasha ile injini ili apate kupendwa. Niseme ukweli, moyo wangu ulishaanza kusali sala ya saa ya kufa.

"Baba," alisema, "kahawa ikichacha utachuma nyingine."

Hakupandisha sauti. Yule bwana wa Dar akaona nafasi yake. "Mzee, huyu ni binti yako? Mwambie basi!"

Longinus alitembea mpaka mwisho wa gati, upepo ukimpigapiga tai usoni, akaita, "Njoo." Gaudensia akaenda. Niliwafuata, sikuweza kukaa.

"Unaona nini pale?" alimuuliza.

Gaudensia akamwonyesha kwa mkono. "Ona yale mawe mawili. Asubuhi tulipita katikati yake. Sasa tazama maji yanavyopanda." Tukatazama. Maji yalijikusanya, yakapanda mpaka mawe yakapotea, yakaanguka, mawe yakatokea yakimwagika povu. "Nikipita pale wimbi linanipiga ubavuni. Nikizunguka nje, ni saa nzima kwenye mwera mtupu. Boti inaweza kufika, baba. Mara nyingi inafika. Lakini siwezi kukuahidi, na nisipoweza kuahidi sibebi watu."

Longinus alitazama mawimbi matatu. Aliyahesabu, nilimwona midomo. Kisha akarudi ufukweni, akafungua jaketi, akavua koti la harusi yetu, akalitandika juu ya ule mchanga uliopigwa reki, akaketi juu yake na kunyoosha miguu.

Yule bwana wa Dar alisimama kidogo, akatazama gati, akamtazama mzee mwenye tai aliyeketi mchangani, akaelewa kwamba hakuna anayekwenda popote. Mkewe alikuwa ameshavua viatu.

Tulingoja saa mbili na nusu. Bibi alimaliza viazi vilivyobaki pamoja na yule mke wa bwana, wakiongea habari za goti: wote wawili wanaumwa goti la kushoto. Imelda alimfukia baba yake miguu kwa mchanga mpaka magotini, naye akamwacha. Simu ya mdogo wake Longinus iliingia, wakabishana kuhusu mashine ya kumenyea. Nilimsikia akisema, "Basi washa wewe. Ndiyo, wewe. Lakini usikilize inavyolia."

Kurudi

Saa kumi na moja na nusu upepo ulikata, ghafla, kama mtu aliyefunga dirisha. Gaudensia alingoja robo saa nyingine, akatazama yale mawe, akasema, "Sasa."

Ziwa lilikuwa bado lina migongo mikubwa ya mawimbi yasiyovunjika. Boti ilipanda na kushuka polepole. Longinus hakwenda nyuma. Alikaa benchi la mbele, karibu na usukani, na katikati ya safari nikaona ameanza kuongea. Nilisogea ili nisikie. Mimi ni mke na ni mwalimu, yote mawili ni kazi za kusikiliza.

Alikuwa anauliza. Mafuta yanakaa wapi? Injini moja ikizimika? Usiku unaonaje? Anajuaje kwamba upepo utakuja kabla haujaja? Gaudensia alijibu moja moja, bila kuyatoa macho majini. Nilimwona mume wangu akitikisa kichwa kama anavyofanya anapozungumza na fundi anayemwamini. Hakuomba msamaha. Hakusema anajivunia. Aliuliza tu, nusu saa nzima, mtu ambaye kwa zaidi ya mwaka hakumuuliza hata moja.

Gatini Salumu alikuwa ametandika mkeka, anatungoja, amechoka na wasiwasi. Bwana wa Dar alimpa Gaudensia mkono, akasema asante, kwa sauti ndogo kuliko zile za mchana. Bibi alishushwa kama kikapu cha mayai. Longinus alishuka wa mwisho. Alimshika mwanawe begani, akalibonyeza kidogo kama anayepima gunia, akamwambia, "Kula. Umekonda." Jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Kahawa ilimenywa na mdogo wake, ndoo mbili zikachacha. Ilizungumzwa siku moja, ikaisha.

Leo Jumamosi kumeamka upepo hapa Mbinga, nadhani hata kwenu mmeusikia ukivuta mabati. Longinus alitoka uani na kikombe chake. Alisimama akitazama migrivea, miti ya kivuli ya shambani, ikiinama, akasimama muda mrefu. Kisha akaingia jikoni, akaniomba simu yangu, maana namba ya mtoto yeye hana.

"Huko ziwani kukoje?" aliuliza. Akasikiliza. "Mm. Mm. Toka upande gani?" Akasikiliza tena, amekunja uso.

"Basi usitoke," alisema. "Na wakikulazimisha, wape simu niongee nao mimi."